Sala za Wino

Neno lililomshinda Kaingu Charo kuliko maneno yote lilikuwa "Baba". Maneno mengine yalikwama kisha yakatoka. Hili lilikwama likabaki palepale, midomo imefungana, shingo imekaza, mpaka aliyekuwa akimsikiliza akaona haya kwa niaba yake na kutazama pembeni. Alizaliwa na kigugumizi huko kwao upande wa Kaloleni. Alipokuwa mdogo mama yake alimpeleka kwa waganga, mmoja baada ya mwingine, kisha akachoka akamwacha alivyo. "Mungu amempa mikono," alikuwa akisema. "Si lazima ampe na ulimi."

Mikono kweli alikuwa nayo. Alijifunza ushonaji Mombasa, na miaka ile ambayo mashamba ya miwa ya Ramisi yalikuwa yakivuta watu kutoka kila upande wa Pwani, naye alivuka Likoni akaenda kusini. Hakwenda kukata miwa. Alikwenda na cherehani yake ya kukanyaga, akapewa nafasi kwenye baraza ya duka moja la nguo pale Msambweni, akaanza kazi. Kanzu za kuvaliwa Ijumaa, sare za watoto wa shule, suruali za kaki za wakata miwa, vyote vilipita chini ya sindano yake. Wateja walimzoea upesi. Walimwonyesha kwa kidole walichotaka, naye akaitikia kwa kichwa, akazungusha futi kiunoni mwao na kuandika kwa chaki. Kwa siku nzima aliweza kufanya kazi bila kusema zaidi ya "asante".

Chumba alikipanga kwa Bi Mwanatumu, mjane wa Kidigo ambaye macho yake yalikuwa yameingia utando mweupe. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na makuti, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na kuta za ndani hazikufika juu, hivyo mtu akikohoa chumba cha mbele alisikika chumba cha nyuma. Bi Mwanatumu alikuwa Mwislamu wa sala tano, Kaingu alikuwa Mkristo wa kubatizwa utotoni, na jambo hilo halikuwahi kuleta neno kati yao. Asubuhi alimwamkia shikamoo, yeye akaitikia marahaba, akamuuliza kama amelala salama. Wakati wa Ramadhani Kaingu alikula kwa siri ili harufu ya chakula isimfikie bibi wa watu.

Mbeyu binti Chengo alikuja barazani akiwa na kitambaa cha maua, akitaka gauni la kanisani. Alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, amesoma shule ya misheni miaka michache, na wakati huo alikuwa akikaa kwa shangazi yake aliyekuwa na kazi Ramisi. Kaingu alitaka kumwambia kwamba kitambaa hakitoshi mikono mirefu. Alianza, akakwama. Watu wengine wote aliowahi kukutana nao wangemmalizia sentensi, tena mara nyingi kwa maneno ambayo hakukusudia. Mbeyu hakummalizia. Alisimama tu, kitambaa mkononi, akimtazama kama mtu anayesubiri chai ipoe, mpaka neno la mwisho likatoka. Kisha akasema, "Basi fanya mikono mifupi." Kabla ya mwaka kwisha walioana.

Kanisa lao lilikuwa jumba la makuti nje kidogo ya mji, na waumini wengi walikuwa wageni wa huku na huku walioletwa na miwa. Aliyewaongoza alikuwa Mwinjilisti Mramba, mtu mwenye moyo safi na sauti kubwa, ambaye siku mvua ikipiga juu ya makuti yeye peke yake ndiye aliyesikika. Mchungaji alifika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote, baada ya mahubiri, walikaa duara, na kila mtu aliomba kwa sauti kwa zamu yake. Kila sala ilianza kwa neno lilelile: Baba.

Kaingu alijaribu mara moja. Alikwama mpaka watoto waliokaa mkekani wakaanza kucheka, na mama mmoja akamwombea haraka ili kufunika. Tangu siku hiyo, zamu ilipokaribia alisimama akatoka nje kana kwamba ana haja, akarudi mduara umekwisha. Mramba aliliona hilo likamsumbua. Aliamini kwa dhati kwamba mtu asiyefungua kinywa mbele za Mungu ana kitu anachokificha, na alimwambia hivyo kwa upole, mkono begani.

Mwezi mmoja mchungaji aliyefika alikuwa mzee wa kutoka Rabai, jina lake Rai, mwembamba, mwenye kutembea polepole. Kesho yake baada ya ibada, Jumatatu, alikuja barazani na kanzu yake ya ibada iliyofumuka pindo. Akaketi kwenye kigoda akisubiri.

"Jana nilikuona ukitoka kabla zamu yako haijafika," alisema.

Kaingu aliinamia cherehani. "Na... nashindwa, Mchungaji."

"Kusema kunakushinda. Je, na kuomba?"

Kaingu alisimamisha miguu yake. Maisha yake yote alikuwa amedhani ni kitu kimoja. Mzee Rai hakumharakisha. Alitoa ndani ya mkoba wake daftari lililochakaa pembe, akaliweka gotini bila kulifungua.

"Hili ni la tano au la sita, nimesahau," alisema. "Nilianza nilipokuwa chuoni. Asubuhi nasoma Maandiko kidogo, sisomi mengi, halafu namwandikia Mungu. Namwandikia jana ilikuwaje. Nilimkosea nani. Nilipata nini cha kushukuru. Ni kitu gani kinaniuma. Sipambi maneno. Kuna siku ni mstari mmoja tu, na kuna siku mkono unauma."

"Mungu a... anasoma?"

Mzee alitabasamu. "Anayajua yote kabla hujachovya kalamu. Anayehitaji kusoma ni mimi. Mdomo wangu, Kaingu, unakimbia sana. Unaweza kusema maneno matamu huku moyo uko kwenye mchuzi. Kalamu haikimbii. Ukiandika 'nimemsamehe fulani', neno linabaki pale linakutazama, linakuuliza kama ni kweli."

Pindo likakamilika. Mzee alivaa kofia, akaaga, akaenda zake kusubiri basi.

Kaingu alinunua daftari la shule, chupa ya wino na kalamu ya kuchovya. Alfajiri ya kesho yake alikaa kwenye kisanduku karibu na dirisha, Mbeyu angali amelala, akasoma mistari michache, kisha akachovya. Mkono uliandika "Baba" kwa mkupuo mmoja, bila kukwama, na wino ukakaa pale ukimeta. Alilitazama neno hilo mpaka likakauka. Akaliandika tena chini yake. Siku hiyo hakuandika kingine, na alipokwenda kazini Mbeyu alimwona anatabasamu peke yake, asiulize.

Polepole maneno yakaja. Aliandika juu ya mvua, juu ya Mbeyu alivyoimba akipepeta mchele, juu ya mteja aliyemtukana na jinsi alivyotamani kumkatia suruali fupi. Asubuhi moja alijikuta ameandika juu ya vipande. Mteja akileta kitambaa, fundi hukata, na vile vinavyobaki huwa ni vyake; hivyo ndivyo mafundi walivyozoea, na wengine walijua kukata kwa namna ya kuviongeza. Kaingu naye alijua. Alipoliona jambo hilo limekaa kwenye karatasi kwa mwandiko wake mwenyewe, hakuweza kulifumbia macho. Kuanzia wiki hiyo, aliyekuja kuchukua gauni alipewa na kifurushi kidogo cha vipande vyake, kimefungwa kwa uzi. Wanawake walishangaa, wakaenda kushonea mito. Hakumweleza mtu sababu.

Mbeyu aliposhika mimba, maandishi ya Kaingu yalijaa hilo peke yake. Alimwomba Mungu juu ya mgongo wa mkewe unaouma, juu ya mkunga, juu ya ulimi wa mtoto, kwamba uwe mwepesi. Mtoto alizaliwa wakati wa mvua za vuli, mwaka wa uhuru, wa kiume, na kuzaliwa kwake kulikuwa kugumu. Mbeyu alishikwa na homa kali, akawa hajijui. Mtoto naye alipumua kwa shida. Bi Mwanatumu na mkunga walihangaika na mama, na mtoto akapewa baba yake. Kaingu alikaa naye ukumbini, amemfunga kwenye kipande cha bafta, siku zile chache alizoishi mtoto. Asubuhi moja akatulia mikononi mwake, na Kaingu akaendelea kumpakata kwa muda mrefu kabla hajamwambia mtu.

Kaburini Mramba aliomba kwa uchungu wa kweli, kisha akamgeukia. "Ndugu yetu, useme neno moja umuage mwanao." Kaingu alifungua kinywa. Neno alilolitaka lilikuwa lilelile, na lilikataa. Watu walisimama, wakasubiri, wakainamisha vichwa, mwisho Mramba akaanzisha wimbo.

Mbeyu alipopata fahamu mtoto alikuwa amekwisha zikwa. Alimuuliza mumewe alikuwaje. Kaingu alijaribu kumweleza, akakwama, akajaribu tena, machozi yakamjaa, akasimama akatoka nje. Mbeyu, ambaye alijua kusubiri kuliko mtu yeyote, safari hii hakuwa na nguvu za kusubiri. Wanawake walikuwa wamemwambia kwamba kaburini mume wake hakutoa hata neno. Baada ya wiki kadhaa ndugu zake walikuja, wakasema wampeleke kwao apate nguvu. Kaingu alimfungia nguo zake, akamsindikiza mpaka barabarani.

Na kalamu akaiacha. Daftari lilibaki juu ya kisanduku na wino ukaanza kukauka chupani.

Kazi hata hivyo ilikuwa tele. Uhuru ulikuwa umekaribia, na shule zilitaka sare mpya za gwaride, na kila mwenye duka alitaka bendera. Kaingu alishona nyeusi kwa nyekundu kwa kijani tangu asubuhi mpaka jioni. Watu walipita barazani wakiimba, wakampigia makofi kwa kazi yake, wakamwambia, "Fundi, sasa nchi ni yetu," naye akaitikia kwa kichwa. Furaha yao hakuichukia. Aliiona kama mtu anavyoona taa za nyumba ya jirani.

Sherehe zilipokwisha, asubuhi moja Bi Mwanatumu alimwita. Alikuwa amekaa ukumbini, tasbihi mkononi, mswala bado haujakunjwa.

"Kaingu, mwanangu. Kaa hapa."

Alikaa.

"Kalamu yako imevunjika?"

Hakuelewa. Bibi akageuza uso wake kuelekea sauti ya pumzi za Kaingu.

"Macho haya yameniacha siku nyingi," alisema. "Nikimaliza sala ya alfajiri nakaa hapahapa kidogo, na kila siku nilikuwa nikikusikia nyuma ya ukuta unakwaruza, kwaru, kwaru, kama panya mwenye adabu. Sijui ulikuwa ukiandika nini, na si haki yangu kujua. Lakini Mbeyu aliniambia ndizo sala zako. Basi nami nikawa nasema, Mola, na huyu kijana mpokelee. Sasa nakaa, nasikiliza, kimya."

Kaingu alitazama mikono yake. "Si... sina la kumwambia, bibi."

"Umemkasirikia."

Kaingu alianza kuchomoa uzi kwenye pindo la shati lake.

"Mimi nimezika watoto," Bi Mwanatumu alisema. "Hawa walio hai unawaona wanakuja na samaki, lakini wengine wamelala kule. Nilipompoteza wa pili sikutaka mswala. Nilipika, nikafua, nikachota maji, na kila nikitwanga nilitwanga kwa hasira. Marehemu mama yangu akaniangalia, akaniangalia, akaniambia, mwanangu, kama umemkasirikia Mwenyezi Mungu, nenda ukae kwenye mswala umkasirikie hapo. Usimkasirikie jikoni. Jikoni unajiunguza bure." Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Kaingu, akaupigapiga. "Haya. Nenda kazini. Nimemaliza."

Kesho yake alfajiri Kaingu alitia maji kidogo kwenye chupa ya wino, akakaa kwenye kisanduku. Hakusoma kwanza. Aliandika, "Baba, nimekukasirikia." Alidhani ataishia hapo. Lakini kalamu iliendelea, na mwandiko ukawa mkubwa na mbaya, na mahali pengine karatasi ikachanika.

Aliandika kwamba mtoto alikuwa na nywele laini na alama nyekundu nyuma ya shingo. Kwamba mtoto alimshika baba yake kidole cha shahada, kile chenye sugu ya mkasi, na alikishika kwa nguvu ambazo hakuzitarajia. "Ulimpa mkono wenye nguvu hivi halafu ukamchukua," aliandika. "Sina la kukushukuru leo. Nilitaka kumuaga kwa neno moja tu, nalo hukunipa. Mbeyu anadhani sikumpenda. Umenifunga mdomo mbele ya mke wangu." Alipomaliza, jua lilikuwa limeingia chumbani na vidole vyake vilikuwa vyeusi. Hakuna sauti iliyomjibu. Ila alijisikia kama mtu aliyetua mzigo, ambaye bado mabega yanamuuma lakini sasa anaweza kugeuza shingo.

Upande wa pili wa ukuta Bi Mwanatumu alikohoa, akakunja mswala wake.

Jioni hiyo Kaingu aliomba ruhusa kwa mwenye duka. Asubuhi alipanda basi mpaka Kombani, akapata lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu upande wa Kwale na Kinango, na masafa yaliyobaki akayatembea, daftari limefungwa kwenye leso chini ya kwapa. Nchi ilikuwa imekauka tena, majani yamekwisha na mbuzi wanasimama kwa miguu ya nyuma kufikia matawi.

Mzee Chengo, baba mkwe wake, alimpokea kwa heshima zote, akampa maji na kiti, akamuuliza habari za Msambweni na kusubiri kila jibu mpaka mwisho. Ndipo Kaingu akajua Mbeyu alijifunza wapi. Baadaye mzee akasema, "Mkeo yuko lamboni kuteka maji. Mfuate. Mambo yenu hayanihusu mimi."

Alimkuta ameketi ukingoni, mtungi umejaa kando yake, kana kwamba hakuwa na haraka ya kurudi. Alikuwa amekonda. Kaingu alikaa hatua chache kutoka kwake. Alijaribu kusema, akaona shingo inaanza kukaza, akaacha. Alifungua leso akampa daftari, limefunguliwa pale pale.

"Ni sala zako hizi," Mbeyu alisema. "Si za kusomwa na mtu."

"So... soma."

Alisoma polepole, kwa kidole, midomo ikicheza. Kaingu alitazama maji. Alimsikia akifika mwisho wa ukurasa na kugeuza, kisha akamsikia anarudi nyuma, anasoma tena mahali fulani.

"Ulimshika," Mbeyu alisema.

Aliitikia kwa kichwa.

"Mimi nilidhani walimlaza kwenye mkeka peke yake. Nilimwona hivyo kila nikifumba macho, amelala mkekani peke yake na watu wote wako kwangu." Alirudisha kidole kwenye mstari ule. "Mpaka mwisho ulikuwa umempakata?"

"Mpaka mwisho."

Mbeyu aliliweka daftari kifuani, akalia, na Kaingu akasogea akakaa karibu naye, bega kwa bega. Walikaa hivyo mpaka watoto wa jirani walioleta ng'ombe wakanywesha na kuondoka. Kisha Mbeyu akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Una kalamu?"

Wino alikuwa ameuacha, lakini mfukoni mwa shati palikuwa na kipande cha penseli cha kazini. Mbeyu alikishika kwa namna ya mtu aliyeacha shule zamani. Chini ya maneno ya mumewe, kwa herufi za kuachanachana, akaandika, "Mungu, maziwa yalikuja na mtoto hayupo. Nilikamua nikamwaga nyuma ya nyumba. Hukuniambia niyapeleke wapi." Akamrudishia. Kaingu alisoma, akafunika uso wake kwa mikono. Alikuwa hajui. Alilala chumba kimoja naye siku zile zote na hakujua.

Hakurudi naye mara moja. Mama yake Mbeyu alitaka amalize dawa za mitishamba, na palikuwa na shamba la kulima. Kaingu alirudi peke yake, akaendelea na alfajiri zake. Mvua kubwa zilipoanza Mbeyu alishuka kwenye lori na kifurushi chake na kuku mmoja wa kumpa Bi Mwanatumu. Tangu hapo daftari likawa la wawili. Kaingu aliandika kwa wino, mkewe kwa penseli. Kuna siku Mbeyu aliandika jambo ambalo lilikuwa la Mungu na pia la mumewe, na Kaingu akilikuta alilijibu kwa kuchota maji bila kuambiwa, au kwa kukaa naye jikoni. Kuna siku waligombana kama watu wote. Lakini ule ukimya wa siku zile haukurudi.

Mwinjilisti Mramba alikuja barazani mwaka huo kupimwa koti. Mbeyu alikuwa pale akishona vifungo. Mramba alizungukazunguka maneno, kisha akasema, kwa nia njema, kwamba bado anamwombea ndugu Kaingu afunguliwe kinywa, aanze kuomba.

"Anaomba, Mwinjilisti," Mbeyu alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kifungo. "Kila siku. Kama huniamini mimi, muulize Bi Mwanatumu."

Mramba alidhani ni mzaha, lakini alikuwa mtu wa kwenda mpaka mwisho wa jambo. Alikwenda. Alimkuta bibi anasuka ukili wa mkeka, akamwamkia, akauliza. Haikuwa kawaida kwa mwinjilisti kwenda kumuuliza mama wa Kiislamu juu ya sala za muumini wake, na Bi Mwanatumu mwenyewe alilifurahia jambo hilo kwa muda kabla ya kujibu.

"Anaomba," alisema. "Mimi ni shahidi, na kwenye dini yetu shahidi hasemi asichokijua. Sijamwona, kwa kuwa sioni. Lakini nimemsikia akiomba kwa raha, nimemsikia akiomba kwa ghadhabu mpaka karatasi ikapasuka, na siku hiyo nililia kwa furaha. Wewe mwanangu sauti yako ni nzuri, Jumapili inafika mpaka huku. Yake inafika kwingine."

Mramba alirudi barazani polepole. Alikaa kwenye kigoda, kofia mikononi.

"Nisamehe," alisema. Kaingu alitikisa kichwa kwamba hakuna neno. Mramba akakaa bado. "Nikuambie kitu, Fundi. Mimi huomba sana. Watu hulia nikiomba. Lakini nikifika nyumbani siku nyingine najiuliza nilimwambia Mungu nini, sikumbuki. Ni kama aliyeomba ni mtu mwingine." Akatazama cherehani. "Wewe unaanzaje?"

Kaingu alifungua mtoto wa meza ya cherehani, akachana karatasi moja ya kuandikia vipimo, akamwekea mbele pamoja na penseli. Mramba alisubiri maelezo. Hayakuja. Akacheka kidogo, akainama, akaandika neno la kwanza, na mkono wake mkubwa ulisita juu ya karatasi kuliko ulimi wake ulivyowahi kusita.

Baada ya hapo watu wachache wa kanisa walizoea kukusanyika barazani Alhamisi alasiri, kazi ikiwa imepungua. Hawakuwa wengi. Wakata miwa wawili, mke wa Mramba, mama mmoja mzee asiyejua kusoma aliyeitwa Jumwa. Walisoma Maandiko kidogo, wakaandika, wakaondoka, na hakuna aliyeulizwa ameandika nini. Jumwa alimnong'oneza Mbeyu, na Mbeyu akamwandikia, na kama jambo lilikuwa zito mno kunong'onezwa, alichora mstari tu na kusema, "Hapa Mungu anajua." Jumapili mduara uliendelea kama zamani. Zamu ilipomfikia Kaingu hakutoka tena nje. Alikaa kimya kwa muda wa sala moja, na mduara ukakaa kimya pamoja naye, kisha aliyefuata akaanza. Watoto walioletwa na mama zao walidhani ndivyo inavyofanywa katika makanisa yote.

Binti yao alizaliwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Walimwita Kavumbi, jina la mama yake Kaingu. Alianza mapema kutembea, na mapema kusema, tena kwa wingi, mpaka Bi Mwanatumu akasema mtoto huyu amepewa maneno ya watu wawili. Kaingu alimsikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Wakati mwingine neno lilimkwama na mtoto akamtazama kwa makini, akingojea, kwa kuwa nyumbani kwao kila mtu alingoja.

Asubuhi moja, Mbeyu akiwa uani anawasha moto, Kaingu aliinuka kwenye kisanduku kwenda kufunga mlango uliokuwa ukigongwa na upepo. Aliporudi Kavumbi alikuwa ameshika kalamu kwa ngumi, na ukurasa ambao baba yake alikuwa ameanza kuuandika ulikuwa umejaa miviringo na mikwaruzo ya wino kutoka juu mpaka chini. Wino ulikuwa mashavuni, kwenye gauni, na kwenye mkeka.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naandika," Kavumbi alisema.

"U... unaandika nini?"

Mtoto alitazama kazi yake, akafikiri. "Nasema kuku katoroka," alisema, "lakini karudi."

Kaingu alikaa chini kando yake. Aliupuliza ukurasa ukauke, akaugeuza kwa uangalifu bila kuuchana, akamwacha aendelee na ule uliofuata.